Wiki ya Mwisho ya Muhula katika Shule ya Wasichana ya Kikatoliki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mimi ni mlezi wa bweni katika shule ya wasichana inayoendeshwa na masista. Si mtawa, ni mama mwenye familia yangu, lakini nusu ya maisha yangu ya kazi nimelala chumba cha mwisho cha bweni, karibu na mlango. Kila muhula ukikaribia kufungwa, maswali huja kwa simu, getini na ofisini. Yanatoka kwa wazazi, kwa wasichana wenyewe na kwa walimu wapya, na mengi ni yaleyale ya mwaka jana. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu kadiri ninavyoijua kazi hii.

Mitihani imekwisha. Kwa nini wasichana wasiruhusiwe siku ileile?

Hili ndilo swali la kwanza kila muhula. Kwa kawaida anayeuliza ni mzazi mwenye hamu ya kumwona mwanawe, kwa hiyo silijibu kwa ukali. Sababu za kazi zipo: walimu wanasahihisha, alama zinajumlishwa, mwalimu wa darasa anaandika maoni kwenye ripoti moja baada ya nyingine, vitabu vya maktaba vinarudishwa na kuhesabiwa. Hayo hayamaliziki kwa usiku mmoja.

Lakini hata kama yangemalizika, bado ningezitetea zile siku tatu au nne za mwisho. Muhula mzima msichana anaishi kwa kengele: ya kuamka, ya sala, ya darasa, ya kulala. Wakati wa mitihani hana hata nafasi ya kumtazama usoni anayelala kitanda cha juu yake. Kengele zikilegea ndipo anapogundua kuwa mwenzake alifiwa katikati ya muhula akajikaza kimya, au kwamba yule anayemwona mwenye majivuno ni mtu wa haya tu. Ndipo wanapokaa kwenye ngazi za bweni wakisukana na kuzungumza bila kuangalia saa. Ukimtoa msichana getini dakika anayoweka kalamu chini, umemfundisha kwamba alikuwa pale kwa ajili ya karatasi, na kwamba wale aliolala nao chumba kimoja walikuwa abiria wenzake tu.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, katika tamko lake juu ya elimu la tarehe 28 Oktoba 1965, ulisema shule ya Kikatoliki inapaswa kuijengea jumuiya yake hali inayohuishwa na roho ya Injili, roho ya uhuru na upendo. Hali hiyo haina kipindi kwenye ratiba. Inahitaji muda ambao hauna mtihani ndani yake.

Misa ya kufunga muhula ina tofauti gani na Misa nyingine?

Kwa sadaka yenyewe, hakuna. Neno Ekaristi, jina jingine la Misa, asili yake ni Kigiriki na maana yake ni shukrani, kwa hiyo kila Misa ni ya shukrani. Tofauti iko katika yale tunayoyaleta. Misale ya Roma ina sala maalumu za Misa ya kumshukuru Mungu, na siku ambazo kalenda ya liturujia inaruhusu padre huzitumia. Kuna siku haziruhusiwi. Hilo ni la padre, si la kamati ya wanafunzi.

Kwetu maandalizi huanza wiki nzima kabla. Kwaya inafanya mazoezi baada ya chakula cha jioni, wasomaji wanasoma kwa sauti mbele ya kikanisa kitupu, na kila darasa linaandika ombi moja la sala ya waamini. Napenda sana maombi hayo. Darasa moja liliwahi kuandika hivi: tuwaombee wote tuliowacheka muhula huu. Sista aliyapitia yote, akalisoma hilo mara mbili, akalirudisha kwenye rundo bila kubadili hata nukta.

Jambo la vitendo: mfungo kabla ya Komunyo ni saa moja, na maji au dawa havivunji mfungo. Asubuhi ya kufunga wasichana huchanganyikiwa, hawali kabisa kwa kuogopa kuvunja mfungo, halafu wanaanguka kwa kizunguzungu wakati wa Utukufu, ule wimbo wa sifa wa mwanzo wa Misa. Kuleni mapema, kisha mwende kanisani.

Je, Misa hiyo inatosha badala ya ile ya Jumapili?

Ikiwa ni ya Ijumaa, hapana. Wajibu wa Jumapili unatimizwa Jumapili yenyewe au jioni ya siku inayotangulia. Binti akifika nyumbani, aende kanisani na familia yake.

Shule ikifungwa wakati wa Majilio, kwa nini hamuimbi nyimbo za Noeli kanisani?

Kwa sababu Noeli haijafika. Majilio, yale majuma ya kujiandaa kabla ya Noeli, ni kungojea, na kungojea kuna utamu wake ambao msichana wa siku hizi hajui aupate wapi tena. Katika kikanisa tunaimba nyimbo za Majilio, mashada ya altareni yanakuwa ya kiasi, na Utukufu hauimbwi siku za Jumapili. Kuanzia tarehe 17 Desemba Kanisa huimba zile antifona saba, nyimbo fupi za masifu ya jioni, zinazoanza kwa mwito, kila moja ikimwita Kristo kwa jina jingine: Hekima, Bwana, Shina la Yese, Ufunguo wa Daudi, Mapambazuko, Mfalme wa mataifa, Emanueli. Kama muhula unafika siku hizo, mfundisheni kila msichana angalau mbili. Atazikumbuka akiwa bibi.

Lakini nami ni mama. Wasichana hawa hawatakuwa pamoja usiku wa Noeli, na kuwaambia wasiimbe chochote mpaka watawanyike ni kuwanyima kitu kizuri. Msimamo wangu, na masista walinikubalia, ni kwamba ukumbini waimbe Noeli mpaka sauti ziwakauke, na kikanisani wangojee. Hawajawahi kushindwa kuelewa tofauti hiyo.

Kwaresima ni kali zaidi. Aleluya haiimbwi kabisa. Hakuna maua altareni, na vyombo vya muziki hutumika kusaidia kuimba tu, isipokuwa Jumapili ya nne na sikukuu. Shule nyingi hufunga siku chache kabla ya Pasaka, na kwaya hunung'unika kwamba Misa ya kufunga imekuwa kavu. Wapeni wimbo mmoja wa sauti nne usio na ala. Watanyamaza.

Binti yangu anasema amelazimishwa kuungama kabla ya kufunga. Ni haki?

Kama amelazimishwa, si haki. Shule inaweza, na inapaswa, kumleta padre, kutenga muda na kuwaandaa wasichana. Haiwezi kumsukuma mtu kwenye kiti cha maungamo. Napinga pia mwalimu kusimama mlangoni na daftari la mahudhurio akiandika nani ameingia na nani hakuingia. Yule ambaye hakuingia ataingia mara ya pili kwa kuogopa daftari, na maungamo ya namna hiyo yanamjeruhi.

Sheria za Kanisa za mwaka 1983 zina busara kubwa hapa kuliko watu wanavyodhani. Kanuni ya 991 inampa kila mwamini uhuru wa kumchagua muungamishi aliyeidhinishwa. Kanuni ya 985 inasema gombera, yaani mkuu, wa seminari au mkuu wa taasisi nyingine ya elimu asiwaungamishe wanafunzi wake wanaoishi katika nyumba hiyohiyo, isipokuwa wao wenyewe wameomba kwa hiari katika hali fulani. Maana yake ni rahisi: anayekupa adhabu na kukuandikia barua ya tabia asiwe ndiye anayesikia dhambi zako. Ndiyo sababu shule nzuri hualika mapadre wawili au watatu kutoka nje mwishoni mwa muhula.

Na siri je? Kanuni ya 983 inasema siri ya maungamo haivunjwi kwa neno wala kwa namna nyingine yoyote, kwa sababu yoyote ile. Mkuu wa shule hawezi kuuliza, mzazi hawezi kuuliza. Mzazi mwenzangu, usimuulize hata mtoto.

Neno moja kwa wenzangu walezi: maungamo yafanyike mahali pa wazi, penye wavu kati ya padre na anayeungama, ambapo wengine wanaona milango ingawa hawasikii maneno. Isiwe ofisini mlango umefungwa, isiwe bwenini. Hilo si jambo la kujadiliwa.

Sisi si Wakatoliki. Mtoto wetu atafanya nini wakati wa Misa na sala hizo?

Karibu kila shule ya Kikatoliki duniani ina wasichana wa madhehebu na dini nyingine, na tamko lile la mwaka 1965 linazisifu waziwazi shule zinazowapokea. Mtaguso huohuo, tarehe 7 Desemba 1965, ulitangaza kwamba mtu asilazimishwe kutenda kinyume cha dhamiri yake katika mambo ya dini. Haya mawili yanakwenda pamoja.

Kwa vitendo: shule ikiiweka Misa ya kufunga kuwa tukio la jumuiya nzima, msichana asiye Mkatoliki hukaa pamoja na darasa lake kwa heshima. Hapigi magoti kama hataki, hafanyi ishara ya msalaba, hapokei Komunyo. Anayesali kwa namna nyingine apewe chumba tulivu na wakati wake wa sala, bila kuomba kila siku kana kwamba anaomba ruhusa ya kwenda mjini. Mambo haya yazungumzwe siku ya kuandikishwa shule, si asubuhi ya kufunga.

Ninachokiona zaidi ni hiki: msichana huyo haumizwi na sala zetu. Anaumizwa anaposahaulika. Kila mtu ana kazi siku hiyo, kwaya, masomo, vipaji, yeye amekaa tu benchi la nyuma. Tuliwahi kuwa na msichana Mwislamu aliyekuwa na mwandiko mzuri kuliko wote, na miaka mitatu mfululizo ndiye aliyeandika kwa mkono majina ya wasichana wote wanaohitimu kwenye ubao wa ukumbi. Siku yake ya kuhitimu ilipofika, wenzake walificha chaki na kuliandika jina lake wenyewe, kubwa, kwa rangi tatu.

Wasichana wanaruhusiwa kutumikia altareni?

Ndiyo, askofu wa jimbo akiruhusu. Barua ya Vatikano ya mwaka 1994 ilifafanua jambo hilo, na Januari 2021 Papa Fransisko alibadili kanuni ya 230 ili wanawake nao waweze kupewa rasmi huduma ya usomaji na ya akoliti, yaani mtumishi wa altare. Katika shule ya wasichana watupu, hili linaonekana la kawaida kabisa: chetezo kinashikwa na msichana, msalaba wa maandamano unabebwa na msichana, kengele inapigwa na msichana. Msalaba wetu ni mzito. Huwa tunampa mrefu wa kidato cha juu, na mwaka akitokea mfupi anayeutaka kwa moyo wote tunampa huyo.

Marafiki wawili wamegombana na shule inafungwa kesho. Mlezi aingilie?

Aingilie, lakini kwa mkono mwepesi. Ugomvi wa wasichana bwenini mara nyingi hauna kelele. Ni kuhamisha sahani meza nyingine, ni kulala umegeukia ukuta, ni siri iliyosemwa kwa mtu wa tatu. Ukiuacha uende likizo, unarudi umekua: kila mmoja amekaa nao wiki kadhaa, ameusimulia kwa binamu zake, ameuongezea chumvi.

Usiwaite wawili mbele ya wote ukawaamuru wakumbatiane. Nimeona ikifanyika, walikumbatiana kama mbao mbili. Ninachofanya mimi ni kuwapa kazi moja. Mkunje mashuka ya wagonjwa, ninyi wawili. Shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja, lazima mtazamane, mkaribiane, mpeane ncha. Kufikia shuka la nne au la tano mmoja ataanza kulia au kucheka, na hapo mimi natoka. Injili ya Mathayo inasema ukiwa unatoa sadaka yako ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache, nenda ukapatane naye kwanza. Nawasomea maneno hayo jioni ya kabla ya Misa, bila kuyafafanua.

Ila kama ni uonevu, msichana mmoja kuteswa na kundi, hayo si mashuka tena. Hilo linakwenda kwa mkuu wa shule na kwa wazazi kabla hata sanduku moja halijatoka.

Ripoti ya mwanangu si nzuri. Nianze wapi?

Anza kwa kutosema chochote siku hiyo.

Nieleze ninachokiona mimi, kwa kuwa wewe unamwona akiwa tayari amefika kwako. Msichana anapokea ripoti, anasoma mstari mmoja tu, wa nafasi aliyoshika, kisha anaikunja. Anaikunja mara mbili, mara nne, mara nane, mpaka inakuwa ndogo kama kiberiti, anaitia ndani ya soksi au katikati ya kitabu cha nyimbo. Halafu anakwenda kufungasha na kuimba kwa sauti kubwa kuliko wenzake. Huyo njia nzima anafikiria sura yako.

Nafasi inakueleza wenzake wamefanyaje, si yeye amejifunza nini. Anaweza kuwa amepanda alama kumi katika hesabu na nafasi ikashuka, kwa sababu darasa zima limepanda. Kwa hiyo linganisha alama zake na alama zake za muhula uliopita. Kisha soma maoni ya mwalimu wa darasa, sehemu ambayo wazazi wengi huiruka. Mwalimu aliyeandika kwamba binti yako amekuwa kimya kuliko kawaida anakuambia jambo ambalo hakuna namba inayoweza kulibeba.

Kesho yake, akiwa amelala na kula, muulize akuonyeshe ripoti na akueleze yeye mwenyewe. Msikilize mpaka mwisho. Ukiona somo moja tu limeanguka, uliza kuhusu somo. Yakianguka yote kwa pamoja, uliza kuhusu maisha yake: usingizi, afya, macho, urafiki, habari za nyumbani alizozisikia nusunusu kwa simu. Msichana mmoja alishuka katika kila somo kwa mihula miwili, tukahubiri wote juu ya bidii, mpaka sista wa zahanati alipompima macho akagundua haoni ubao. Nililia siku ile. Alikuwa ameambiwa mvivu na watu wanaompenda, mimi nikiwemo.

Kwa shule, nina ombi moja tu: msisome nafasi za wote mbele ya kusanyiko. Ripoti itolewe darasani, mmoja mmoja, mkononi, na mwalimu amtazame mtoto usoni. Wanaofanya vizuri wapongezwe hadharani, sawa. Wa mwisho hana sababu ya kusimamishwa juani.

Usafi wa bweni na ukaguzi unafanyikaje?

Vitanda vinavutwa, godoro linasimamishwa, sakafu inasuguliwa, madirisha yanafutwa, makabati yanaachwa wazi. Mashuka ya shule yanahesabiwa. Wakubwa hawapumziki wakati wadogo wanadeki. Hiyo kwetu ni sheria, na kiranja wa bweni ndiye wa kwanza kushika dekio. Sanduku lifungashwe usiku wa kabla, vitu vizito chini, ripoti na nauli mkononi.

Mkaguzi asipekue barua wala shajara ya mtoto bila sababu nzito. Akiwa na sababu, apekue akiwa na mtu mzima wa pili na mwenyewe akiwepo.

Kwa nini mnanisainisha kila ninapomchukua binti yangu, na mnanijua miaka yote?

Kwa sababu ya jambo lililotokea mikononi mwangu.

Mwaka mmoja, siku ya kufunga, niliweka alama ya vema mbele ya jina la msichana mmoja wa darasa la kwanza kwa kuwa nilimwona kwa macho yangu anatoka getini na sanduku. Sanduku halikuwa lake. Alikuwa anamsaidia rafiki yake kubeba mzigo mpaka kwenye gari. Alirudi ndani, mimi nikiwa nimegeukia mzazi mwingine. Jioni orodha yangu ilikuwa imejaa alama, nikafunga bweni, nikaenda kunywa chai na masista tukimshukuru Mungu kwamba wote wameondoka salama.

Giza lilipokuwa linaingia mlinzi alikuja kubisha. Nilimkuta yule msichana ukutani nyuma ya kikanisa, ameketi juu ya sanduku lake, amevaa sweta ingawa hapakuwa na baridi, kofia amefunga chini ya kidevu, tayari kwa safari. Nyumbani walikuwa wamekosea tarehe. Alikuwa amekaa pale tangu adhuhuri. Nilimuuliza kwa nini hakuja kuniita, akasema, "Mama, nilijua shule imeshafungwa."

Tangu siku hiyo hatuweki alama kwa kuona. Anayemchukua mtoto lazima awe kwenye orodha ambayo mzazi ameiandika, aoneshe kitambulisho na atie saini, awe baba mzazi, awe mjomba, awe mtu ninayemjua miaka ishirini. Tunaita majina saa sita mchana na tunayaita tena jioni. Watu wazima wawili, mmojawapo mwanamke, wanabaki mpaka wa mwisho ameondoka, na kengele kubwa ya kufunga haipigwi kabla ya hapo, hata ikiwa ni usiku. Ukichelewa, piga simu. Hatutakugombeza, tutamwambia mtoto kwamba umepiga, na hilo tu ndilo analotaka kulisikia.

Hawa masista walianza lini kufundisha wasichana, na kwa nini?

Mashirika ni mengi na kila moja lina historia yake, lakini wasichana wengi humaliza shule hawajui kwamba darasa walilokaa liliwahi kuwa kosa. Mt. Angela Merici alikusanya wanawake wenzake huko Brescia, Italia, mwaka 1535, na kutokana na kundi lile wakatokea masista Waursula, ambao mwaka 1639 walivuka bahari mpaka Quebec kufundisha wasichana. Mary Ward, Mwingereza aliyezaliwa 1585 wakati Wakatoliki wa nchi yake wakiteswa, alianzisha jumuiya yake mwaka 1609 akitaka masista waishi nje ya kuta za monasteri ili wafundishe. Papa Urbano wa Nane aliivunja jumuiya hiyo mwaka 1631, na Mary Ward akafungwa katika konventi, nyumba ya watawa, huko München, Ujerumani. Kutoka humo aliwaandikia wenzake kwa maji ya limau, maandishi yasiyoonekana mpaka karatasi ipashwe moto. Kanisa lilikubali rasmi kumtambua kuwa mwanzilishi mwaka 1909, zaidi ya miaka 260 baada ya kufa kwake.

Nano Nagle naye, huko Cork nchini Ireland, katika miaka ya 1750 alifungua shule kwa siri, sheria za wakati ule zikiwakataza Wakatoliki kufundisha. Usiku alitembelea maskini na taa mkononi, na masista aliowaanzisha mwaka 1775 wangali wanaitumia taa hiyo kama alama yao.

Simulieni haya wiki ya mwisho, jioni, taa zikiwa zimezimwa. Barua ya limau inawezekana kuijaribu palepale kwa mshumaa, mtu mzima akiwa karibu. Wasichana wangu waliandikiana majina ya siri kwa namna hiyo, na bweni zima lilinukia limau mpaka asubuhi.

Binti yangu amerudi anasema anataka kuwa sista. Shule imemwambia nini?

Pengine hakuna aliyemwambia chochote. Amewaona tu masista wakiishi. Usicheke, usipige kelele, wala usimtangaze parokiani. Sheria za Kanisa zenyewe hazina haraka: hakuna anayepokelewa halali unovisi, kipindi cha malezi ya mwanzo ya utawa, kabla ya kutimiza miaka 17, nadhiri za muda haziwekwi kabla ya miaka 18, na za daima kabla ya 21. Una muda wa kutosha, naye anao. Amalize shule.

Wanaohitimu wanaagwaje?

Kwa Misa, kwa baraka, na kwa makabidhiano ya viranja. Mshumaa wa kidato cha juu unawasha mshumaa wa wanaofuata, kisha wa kwanza unazimwa. Kuandikiana majina kwenye mashati kwa wino kuruhusiwe siku ya mwisho tu, na kwenye shati la mwenyewe.

Ningeomba jambo moja liongezwe kila mahali: wanaohitimu wakawashukuru kwa majina wapishi, mlinzi, fundi bomba, mama wa usafi, dereva. Sio tangazo la jumla jukwaani. Waende jikoni. Mpishi wetu ana bahasha ya barua za wasichana, anaiweka juu ya kabati ili mvuke usiifikie.

Naruhusiwa kupiga picha na kuziweka mtandaoni?

Za mwanao, ndiyo. Za watoto wa wenzako, uliza kwanza. Kanisani wakati wa mageuzo, padre anapoweka wakfu mkate na divai, na wakati wa Komunyo, simu ikae mfukoni.

Masista na walezi hufanya nini wasichana wakiondoka?

Siku ya kwanza kila mtu anazungumza kwa sauti ya chini bila kujua sababu. Kisha mafundi wanaingia, paa na mabomba yanatengenezwa. Masista wengi huutumia muda huo kwa mafungo yao ya mwaka, ambayo sheria inawataka wayafanye kwa uaminifu, na wengine wanakwenda kuwaona wazazi wao, ambao nao wamewangojea muhula mzima.

Ameacha kitu. Nikitafute wapi?

Mezani nje ya ofisi ya mlezi, kwa siku saba tangu kufunga. Baada ya hapo vitu vinahifadhiwa stoo mpaka shule ifunguliwe, na vile visivyo na jina vikikaa muhula mzima bila mwenyewe hupewa wenye kuhitaji. Muhula huu mezani kuna soksi kumi na moja zisizo na jozi, sweta mbili za bluu, miwani yenye mkono uliofungwa uzi, na rozari ya mbao iliyokatika kwenye fumbo la tatu, punje zake zimekusanywa zote ndani ya kikombe. Mwenye miwani apige simu leo, tutaituma.